Daktari wa mifugo naye ni daktari wa mwanao

Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu huwa sipatikani kwenye simu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Wenzangu hospitalini wanajua nilipo. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi mdogo wa ofisi ya mifugo, nikiwasikiliza madaktari wa mifugo wa mkoa wetu wakijadili ada ya chama, chanjo ya mdondo wa kuku na shida ya barafu ya kusafirishia sampuli.

Mimi ni daktari wa binadamu. Ng'ombe sijawahi kumtibu, na mbuzi namfahamu zaidi akiwa ameshachomwa. Lakini kikao kile, ambacho ni cha tawi la mkoa la Chama cha Madaktari wa Wanyama Tanzania (TVA), nimekihudhuria kwa miaka kadhaa sasa kama mgeni mwalikwa. Sipigi kura wala sigombei uongozi. Nakwenda na daftari langu la wagonjwa waliong'atwa na wanyama, nasoma niliyonayo, naandika ninayoyasikia, nakunywa soda yangu na kuondoka.

Watu huniuliza ninatafuta nini huko. Muuguzi mmoja rafiki yangu aliwahi kuniuliza mbele ya wagonjwa, "Dokta, umehamia kwa mbuzi?" Tukacheka wote. Leo nataka nikujibu wewe mzazi, kwa sababu jibu linamhusu mwanao kuliko linavyonihusu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa wodini kwetu mtoto wa kiume wa miaka saba. Mkoa na kituo alichoanzia sitavitaja, kwa heshima ya mama yake. Mtoto alikuwa na homa, hatulii, na alikuwa anajikuna kidole cha mkono wa kulia mahali palipokuwa na kovu dogo lililokwisha kupona. Mama alisema tangu jana yake hawezi kumeza. Nilipoomba kikombe cha maji tujaribu, koo la mtoto lilikaza kabla kikombe hakijafika mdomoni. Feni ilipompulizia alishtuka vilevile. Daktari aliyewahi kuona hali hiyo hata mara moja haisahau, na haulizi maswali mengi. Niliuliza moja tu, "Mama, aling'atwa na mbwa?"

Aling'atwa, wiki tano kabla. Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo: mama huyu hakuzembea. Siku ileile alimbeba mtoto hadi kituo kimoja cha tiba. Kidonda kilipanguswa kwa spiriti, mtoto akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa ya maji ya kuua bakteria, na mama akaambiwa arudi kama mkono utavimba. Mkono haukuvimba, hivyo hakurudi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna aliyeitaja.

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hatuna tiba ya kuokoa maisha. Mtoto alifariki siku ya tatu. Siku zile tatu sitazieleza hapa.

Kabla ya kuondoka, mama aliniuliza swali ambalo katika mafunzo yangu yote ya udaktari hakuna aliyewahi kuniandaa kulijibu: "Daktari, yule mbwa alikuwa wa nani?" Hakuwa anatafuta wa kumshtaki. Alikuwa na watoto wengine wawili nyumbani, na alitaka kujua kama mbwa yule bado anazurura. Sikujua. Sikujua hata wa kumuuliza.

Jibu nililipata miezi miwili baadaye, kwa bahati tu. Niliitwa kwenye kikao cha dharura kuhusu ng'ombe waliokufa kwa kimeta, na niliketi karibu na kijana mmoja daktari wa mifugo. Katika mazungumzo ya chai nilimsimulia habari za mtoto yule. Akafungua daftari lake. Siku tisa kabla ya mtoto kung'atwa, katika kitongoji kilekile, mbwa wa kahawia asiye na mwenyewe alikuwa amewavamia mbuzi wawili na kukimbia. Mbuzi mmoja baadaye alianza kutoa mate, akaanguka na kufa. Kijana yule alikwenda mwenyewe kwa pikipiki, akaandika, akapeleka taarifa kwa wakubwa wake wa mifugo. Alifanya kazi yake yote.

Daftari lake lilikuwa na tarehe, kitongoji na rangi ya mbwa. Langu lilikuwa na jina la mtoto. Kutoka ofisi yake hadi wodi yetu ni robo saa kwa bodaboda, na kwa muda wote niliofanya kazi mkoani pale sikuwahi kufika. Hakuna aliyenizuia. Ni kwamba haikunijia kwamba nina sababu ya kwenda. Ndiye aliyenialika kwenye kikao cha tawi lao, na ndivyo nilivyoanza.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe, maana ndio unaoonyesha wazi zaidi kwa nini tunawahitaji watu hawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia. Wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, mbwa humfikia usoni na mikononi. Mtoto hucheza na kila kijibwa anachokiona. Na mtoto akiparuzwa huficha, anaogopa kuchapwa. Katika kila wagonjwa 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu, 99 waliupata kwa mbwa.

Hesabu hiyo ya 99 itazame vizuri. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kwanza ni mbwa, na mimi humpokea mgonjwa wa pili. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hukatika wenyewe. Hayo si maneno ya vitabuni tu. Pemba walichanja mbwa kwa kampeni za mfululizo hadi kichaa cha mbwa kikatoweka kisiwani. Mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena; wakarudi kwa mbwa na sindano zao, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umezimwa tena. Mimi na wodi yangu nzima, hata ungetujazia chanjo za binadamu hadi darini, tusingeweza kufanya hivyo. Tungechanja watu waliong'atwa mwaka huu, na mwaka ujao tungechanja wengine.

Bei nayo ina lake la kusema. Dozi ya kumchanja mbwa ni sehemu ndogo ya bei ya dozi moja ya mtu, na mtu hahitaji moja. Nimewaona wazazi wakiuza kuku, baiskeli, mara moja hata mabati yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya kuezekea, ili mtoto amalize chanjo. Wengine huishia ya kwanza au ya pili wakiomba Mungu.

Nisije nikakuacha bila la kufanya, maana huenda mwanao atang'atwa kesho. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usiweke pilipili, mafuta ya taa, majivu wala jiwe la nyoka. Nenda kituoni siku hiyohiyo, na utamke mwenyewe: "Naomba chanjo ya kichaa cha mbwa." Sindano ya pepopunda ni nzuri lakini ni ya pepopunda. Chanjo huanza siku ya kwanza ya kufika, hurudiwa siku ya tatu na ya saba baada ya hapo, na ikiwa inachomwa kwenye msuli kuna nyingine ya kuanzia siku ya 14. Kidonda kilichotoa damu kinaweza kuhitaji pia kingamwili za kuchomwa kuzunguka kidonda chenyewe; uliza. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kung'atwa, afungwe na aangaliwe siku kumi. Wananchi hukimbilia kumpiga mawe na kumtupa shimoni. Naelewa hasira, lakini daktari wa mifugo akimpata anaweza kutuambia kama kweli alikuwa na ugonjwa. Wala usisubiri siku kumi hizo ndipo uanze chanjo. Anza, kisha mbwa akiwa mzima tutakuambia tusimamishe.

Nilidhani nitakwenda kikaoni kwa habari za mbwa peke yake. Kumbe nilikuwa nimekosa mengi zaidi.

Kuna utafiti ambao kila daktari anayefanya kazi nchini anapaswa kuukumbuka akiandika neno malaria. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa huko Moshi mwaka 2007 na 2008. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Vipimo vya kina vilipofanywa, wenye homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14. Na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya kupe, brusela, leptospira na mengine ambayo wengi wetu tuliyasoma mara moja tu kwa ajili ya mtihani. Leptospira ndiyo ile mliyoisikia Julai 2022 kule Ruangwa mkoani Lindi, ikaitwa homa ya mgunda, watu wakatokwa damu puani na watatu wakafariki kabla haijajulikana ni nini.

Kikaoni kwa madaktari wa mifugo mambo haya hayana ugeni. Siku moja mama mmoja, daktari wa mifugo wa wilaya, alisimama akasema ng'ombe katika kata mbili wanatupa mimba kwa wingi na anashuku brusela. Akaketi, mjadala ukahamia kwenye fulana za chama. Mimi niliandika majina ya kata zile. Wiki iliyofuata alikuja kwangu baba mmoja kutoka kata mojawapo, homa ya jioni kwa miezi miwili, jasho la usiku, maumivu ya kiuno, ametibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Zamani ningemwandikia taifodi ya tatu. Safari hii nilimuuliza, "Baba, unafuga? Na maziwa mnayachemsha?" Alicheka. Maziwa ya kuchemsha, alisema, ni ya wagonjwa. Kipimo kilikuja kama nilivyodhani, na wiki sita za dawa sahihi zilimrudisha shambani.

Homa ya Bonde la Ufa ni hivyohivyo. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 iliua watu zaidi ya 100 hapa nchini kabla ya katikati ya 2007. Ni ugonjwa ambao hupiga hodi zizini kwanza: mimba za kondoo, mbuzi na ng'ombe hutoka kwa wingi, ndama wanakufa. Anayeliona zizi ana wiki kadhaa mbele yangu. Kama hatuketi chumba kimoja naye, wiki hizo zinapotea bure.

Kisha kuna dawa za kuua bakteria. Kijana mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu cha Sokoine, hajaajiriwa, anauza duka la dawa za mifugo, alitusimulia wateja wanaokuja na chupa tupu waliyoazimwa na jirani wakisema "nipe kama hii". Nikamwambia mdogo wangu, huyo mteja wako ni mgonjwa wangu, naye huja kwangu na pakiti tupu anasema hivyohivyo. Akaongeza kwamba wapo wanaofungua vidonge vya rangi mbili walivyoandikiwa watoto wao na kumwaga unga kwenye maji ya kuku. Mayai yanauzwa asubuhi yake. Ng'ombe aliyechomwa sindano anatakiwa maziwa yake yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Uliza muuza maziwa wako ni nani anayemwaga maziwa. Bakteria wanaozoea dawa kwenye banda la kuku hawajui mpaka kati ya banda na chumba cha mtoto. Mimi nikikuambia dawa ya kawaida haifanyi kazi tena kwa mwanao, sehemu ya kosa ni yetu madaktari wa watu tunaoandika hovyo, na sehemu ilianza bandani.

Sasa, nisikupambie chama hiki. Tawi letu lina majina mengi kwenye orodha na viti vingi vitupu. Nimewahi kuketi kikao tukiwa wanane pamoja na mimi na mpika chai. Ada hailipwi. Nusu ya kikao inaweza kuishia kwenye posho ya nani aende mkutano mkuu wa kisayansi. Vijana wasio na ajira wanaona chama ni cha wenye magari ya ofisi, na wenye magari ya ofisi wanaona vijana wanataka kazi tu. Halafu kuna mabwana mifugo wa kata na vijiji, wenye cheti au stashahada, ambao ndio hasa wanaojua mbwa wa nani hajachanjwa. Hawa hawakuwa wanaalikwa kwa sababu si madaktari. Nilisema wazi kwamba huko ni kujikata mkono. Mzee mwenyekiti alinitazama kwa muda, akasema, "Na ninyi, mama, kwenye chama chenu cha madaktari mnawaalika waganga wa zahanati?" Nilinyamaza. Kikao kilichofuata mabwana mifugo wanne walikuwepo. Zahanati bado nazidai upande wetu.

Pengine utaniambia hii ni kazi ya serikali. Ni kweli. Kuna Baraza la Veterinari lililoundwa kwa sheria ya 2003, linalosajili madaktari wa mifugo na kuwawajibisha. Kuna dawati la Afya Moja lililozinduliwa 2018 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kusudi hilihili la kuunganisha afya ya watu, wanyama na mazingira. Nayaunga mkono yote. Lakini waraka unaoandikwa Dodoma una safari ndefu hadi kitongojini, na virusi vya mbwa havisubiri waraka. Chama ni kitu kingine: ni watu wanaokutana kwa hiari, wenye namba za simu za wenzao, wanaoweza kuambiana leo usiku bila kuomba kibali. Tawi la mkoa ndilo ngazi ambayo daktari wa mifugo na mimi tunazungumzia kata ileile, mto uleule na mnada uleule.

Nikuonyeshe. Baada ya mwaka mmoja wa vikao tulikubaliana jambo dogo sana. Kila mtu anayefika zahanati au hospitali ameng'atwa na mnyama, muuguzi anatuma ujumbe kwenye kundi la simu: kijiji, aina ya mnyama, mnyama yuko wapi sasa. Jina la mgonjwa haliandikwi. Daktari au bwana mifugo wa eneo anajibu "nakwenda". Hatukubuni sisi, utaratibu wa namna hii umefanyiwa kazi na watafiti katika mikoa ya Lindi, Mara, Morogoro na Mtwara. Sisi tuliuiga kwa vocha zetu.

Jumanne moja jioni muuguzi wa zahanati moja aliandika kuhusu mtoto wa kike wa miaka minne aliyeng'atwa na kijibwa cha nyumbani kwao. Kijibwa cha miezi mitatu, meno kama sindano, kidonda hakionekani vizuri. Bibi yake alikuwa amemleta kwa sababu tu alimsikia mwalimu akisema redioni. Asubuhi bwana mifugo alifika na kukuta kijibwa kimekufa usiku. Alikikata kichwa akiwa amevaa glovu na buti, akakiweka kwenye sanduku la barafu, na sampuli ikapelekwa maabara ya veterinari. Kisha alifanya lile ambalo mimi nisingeweza kulifanya nikiwa nimekaa wodini: akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kwa upole nani amecheza na kijibwa kile. Alipata watoto wengine watatu. Mmoja wa kiume alikuwa na alama mbili za meno kidoleni. Mama yake hakujua chochote. Mtoto alisema aliogopa kuchapwa.

Majibu yalirudi kwamba kijibwa kilikuwa na ugonjwa. Kufikia hapo wote wanne walikuwa wameshaanza chanjo. Sitakuambia kwamba wote wangekufa, kwa sababu si kila anayeng'atwa na mnyama mgonjwa huugua. Ninachojua ni kwamba sina namna ya kutambua mapema nani ataugua na nani hataugua. Wanne hao wapo. Yule wa kidole nilimwona mwezi uliopita amekuja na mafua.

Ndiyo maana nina maombi kwako.

La kwanza ni mkutano wa kijiji au wa mtaa wako. Kijijini mkutano mkuu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na wazazi wengi hatuendi tukiona ni habari za michango. Nenda mmoja tu. Simama uulize: mbwa wetu walichanjwa lini mara ya mwisho, na daktari wa mifugo anayehusika na kata yetu ni nani, na kwa nini hayupo hapa? Swali hilo likiulizwa na mama mwenye mtoto mgongoni, mtendaji hulijibu kwa haraka kuliko likiulizwa na mimi kwa barua yenye mhuri. Nimelijaribu kwa njia zote mbili.

Kamati za shule nazo zina nafasi yake. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Tawi la madaktari wa mifugo mkoani kwako litafurahi kualikwa shuleni, na wengi wao huwa hawaalikwi popote. Siku za kuchanja mbwa, ombeni ziwekwe Jumamosi au likizo, maana katika sehemu nyingi wanaoleta mbwa ni watoto wa kiume, kila mmoja na kamba yake ya katani, mbwa watatu nyuma yake wakigombana. Mkiweka siku ya shule, mbwa wanabaki nyumbani. Na mkubwa mmoja awepo kushika kamba, tusije tukaleta majeruhi kwenye chanjo.

Kama una mtoto aliyesomea udaktari wa mifugo na yupo nyumbani anasubiri ajira, usimwambie kwamba vikao vya chama ni kupoteza nauli. Mlipie nauli hiyo. Tawi letu limepata katibu mpya kijana wa namna hiyo, na tangu aingie mihtasari inaandikwa na watu wanakuja. Ajira hajapata bado. Amepata wafugaji watatu wakubwa wanaomwita kila mwezi, kwa sababu aliwafahamu kupitia wenzake wa kikaoni.

Ukija kwangu au kwa daktari mwingine yeyote na mtoto mwenye homa isiyoisha, taja wanyama bila kuulizwa. Sema tunafuga mbuzi, sema paka amezaa uvunguni, sema wiki jana tulichinja ng'ombe aliyekuwa anaumwa. Usione haya. Daktari akikutazama kwa mshangao, rudia. Na kwenye simu yako, pale ulipoandika namba ya zahanati, ongeza ya bwana mifugo.

Wenzangu madaktari mnaosoma safu hii, nanyi mtafuteni mwenyekiti wa tawi lao mkoani kwenu. Hamhitaji kibali. Ilinichukua simu moja, na kwa aibu kubwa nakiri kwamba ilinichukua miaka kumi na kifo cha mtoto kuipiga.

Mama wa mtoto yule nilimtafuta baadaye. Nilimweleza kuhusu mbwa wa kahawia, mbuzi wawili na daftari la kijana yule. Alisikiliza hadi mwisho bila kulia. Kisha akaniuliza kama chanjo ya mbwa inauzwa, kwa sababu jirani yake amepata mbwa mpya na watoto wanapita pale kwenda shule. Nilimpa namba ya simu ya katibu wa tawi.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Kata tatu hazijapangiwa tarehe ya chanjo kwa sababu hakuna friji ya kuhifadhia dozi karibu. Zahanati mbili za huko zina friji za chanjo za watoto, lakini dozi za mbwa hazitakiwi kuchanganywa humo, kwa hiyo nimeahidi kuwauliza wenye maduka ya dawa kama watatuazima nafasi kwa usiku mmoja. Kama unaishi huko na una friji inayofanya kazi, mwambie mtendaji wako.